Joto la Giaboksi Msimu wa Vitunguu

Jumatatu, tarehe 2 Septemba

Nimeanza kuandika kwa sababu sina wa kumwambia. Baba mkwe siwezi kumsema mbele ya mama mkwe, na mume wangu yuko mbali anaezeka majengo ya watu. Simu yake inashika vizuri akiwa juu ya paa tu, na akiwa juu ya paa mimi sitaki azungumze. Basi karatasi initunzie.

Leo tumeanza kupandisha vitunguu. Shamba letu liko bondeni, ghala la wanunuzi liko juu, na katikati kuna mlima wa kona tupu. Pikapu ni ya Baba. Ameiendesha miaka mingi kuliko niliyoishi kwenye ndoa hii, lakini mwaka huu anasema magoti yamemkataa, kwa hiyo usukani nimepewa mimi. Nimepewa usukani, sikupewa gari. Baba anakaa pembeni yangu, mkono mmoja umeng'ang'ania kishikio cha juu ya mlango, na kutoka getini hadi ghalani ananiendesha kwa mdomo.

"Piga honi. Legeza mguu. Kona hiyo inakuja. Legeza mguu, mama, hapo si kinu."

Kabla sijaolewa niliendesha gari la maji kwenye eneo la ujenzi, ndipo mume wangu aliponiona. Nilipandisha matangi mazima ya maji kwenye njia ambazo mbuzi angezifikiria mara mbili. Lakini hayo humwambii Baba. Unasema "ndiyo, Baba," unalegeza mguu.

Jumatano, tarehe 4

Vumbi. Safari mbili. Baba kanuna, sijui kwa lipi.

Jumamosi, tarehe 7

Kwenye dashibodi kuna mishale miwili ya joto: mmoja wa injini, mmoja wa giaboksi. Pikapu yetu ni oto, gia zinajibadili zenyewe, na oili iliyomo ndani ya giaboksi ndiyo inayobeba kazi yote. Ikipata joto kupita kiasi inaungua, na ikiungua inaondoka na giaboksi. Gari la maji nililoendesha zamani lilikufa hivyohivyo, likavutwa kama ng'ombe mgonjwa.

Leo, tulipoanza kupanda penye miamba, mshale wa giaboksi ulitoka katikati ukaanza kwenda kulia. Taratibu, kama mtu anayenyemelea sufuria. Wa injini ulitulia mahali pake. Nikapunguza mwendo, ukaendelea. Ikasikika na ile harufu ya kitu kilichosahaulika jikoni.

"Baba, giaboksi inapata joto."

"Joto linatoka mguuni kwako," akasema. Wala hakuinama kuangalia mshale.

Tulipumzika njiani, tukafika. Ghalani, wakati magunia yanashushwa, Baba akamwambia mpima mizani, mbele ya wapagazi na madereva wote, "Mkwe wangu huyu ana mguu wa chuma. Ataniunguzia gari kabla msimu haujaisha."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana mkwe hufanya nini kingine. Kisha nikaenda nyuma ya ghala, nikajifanya natafuta maji ya kunywa, nikasimama pale mpaka uso wangu uliporudi.

Jumatatu, tarehe 9

Tumekwenda gereji. Fundi wetu anaitwa Bado, kwa sababu ukimpigia simu kuuliza gari lako limefikia wapi, hilo ndilo jibu lake. Ni mtu mnene, mpole, anazungumza na gari kabla hajazungumza na mwenye gari.

Aliliacha likinguruma mahali tambarare, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifutia kwenye kitambaa cheupe. "Kiasi kipo," akasema. "Lakini angalieni rangi." Oili hiyo ikiwa nzima ni nyekundu angavu. Yetu ilikuwa ya kahawia, inanuka mkate ulioungua.

"Mguu," akasema Baba.

"Mzee wangu, mguu unaweza kuchangia," akasema Bado. "Lakini peke yake hauwezi kufanya haya."

Nilitamani kumkumbatia, pamoja na grisi zake zote.

Jumanne, tarehe 10

Oili mpya, chujio jipya. Bado ametuonya: oili imeungua kwa sababu ya joto, na sababu ya joto hatujaiona. Baba amesikia nusu ya kwanza tu.

Ijumaa, tarehe 13

Safari zote za wiki hii mshale umetulia. Baba anamwambia kila anayepita kwamba dawa ilikuwa oili na nidhamu. Nidhamu ni mimi. Asubuhi Mama alinitilia chai kwenye chupa ya Baba, ile ambayo haiguswi na mtu. Nimeinywa yote.

Jumatatu, tarehe 16

Joto limerudi. Palepale penye miamba.

Tumerudi gereji, na safari hii Bado alianza na mshale wenyewe. Anasema mara nyingine gari ni zima, ila geji ndiyo mwongo. Akachukua kifaa chake kinachofanana na bastola, kinachosoma joto kwa mbali, akalala chini ya gari, akakielekeza kwenye bakuli la giaboksi. Geji si mwongo.

Kisha akafungua sehemu ya mbele. Kumbe rejeta imevaa shela: maganda ya vitunguu, yale mepesi mekundu, yamejibandika kote pamoja na vumbi na mabawa ya panzi. Upepo ungepita wapi? Tuliosha mimi na yeye, kwa maji ya taratibu na brashi laini, maganda yakawa yanateleza chini kama karatasi za sherehe. Baba alikaa kwenye tairi akitoa maelekezo, lakini alikuwa anaielekeza ndoo. Nilidhani ni utani wake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, tarehe 17

Mawingu upande wa bonde. Mume wangu amepiga simu.

"Baba anakutesa?"

"Hapana."

"Anakutesa."

"Shuka kwanza kwenye paa, ndiyo tuongee."

Alhamisi, tarehe 19

Kuosha kumesaidia kidogo, si vya kutosha. Leo nimepakia nusu ya mzigo, nikapanda polepole mpaka punda wa watu akatupita. Hata hivyo joto lilipanda. Kwa hiyo si uzito, na mwenye macho anaona si mguu. Lakini vitunguu vimelala shambani vimefunikwa kwa majani tu, na mawingu hayana muda wa kusubiri tufikirie.

Wakati wa kula nikasema hivyo, kwa adabu zote. Baba akasukuma sahani yake.

"Jumamosi naendesha mwenyewe. Utakaa pembeni uangalie gari linavyopandishwa mlima."

Mama aliangusha kijiko. Alikiokota, akakifuta, akakifuta tena.

"Na magoti?" akauliza.

"Magoti yangu nayajua mimi."

Jumamosi, tarehe 21

Sijui nianzie wapi. Basi niandike kwa mpangilio.

Tulipakia asubuhi, mzigo kamili, Baba hakutaka nusu. Akaingia kwenye usukani, akavuta kiti mbele sana, pua karibu na kioo. Tulitoka getini vizuri, maana geti hilo angelipita hata usingizini. Barabara ya bondeni aliiendesha polepole katikati kabisa. Baiskeli ilipokuja alisubiri kengele ndipo akasogea. Nilitaka kuuliza, lakini moyo ulikataa.

Mlimani mshale ukaanza safari yake. Baba akakipiga kidole kioo cha dashibodi, kwenye geji ya mafuta ya gari, siyo ya joto.

"Unaona?" akasema. "Umetulia. Ni mguu tu."

Mshale wa giaboksi ulikuwa umeingia kwenye nyekundu. Na wakati ananiambia hivyo, taa ya onyo ikawaka, kubwa, mbele ya kifua chake.

"Baba, taa imewaka."

"Taa ipi?"

Hapo nikajua. Ilikuwa kama mtu amenimwagia maji. Mbele yetu kona ya miamba ilikuwa inakata kulia, na kushoto hakuna kitu, ni hewa mpaka bondeni. Baba alikuwa anakwenda moja kwa moja.

Sikupiga kelele. Nashukuru sikupiga. Nilisema kwa sauti ileile anayotumia yeye kwangu, "Kulia, Baba. Zaidi. Zaidi kidogo. Sasa nyoosha. Legeza mguu. Kuna sehemu pana mbele, nitakwambia. Hapo. Breki."

Alifuata kila neno. Gari likasimama. Nikavuta breki ya mkono, nikazima, nikaweka mkono wangu juu ya wake kwenye usukani, jambo ambalo sijawahi kufanya na sidhani linafanywa. Hakuutoa.

Tulikaa. Giaboksi ilikuwa inalia tik, tik, kama bati linalopoa.

"Tangu lini, Baba?"

"Ilianza kama moshi," akasema. "Nikadhani ni kioo. Nikawa nakifuta kila siku. Mama yako akaniuliza mbona nafuta kioo safi." Akakigusa kioo cha mbele. "Sasa ni kama naangalia kupitia maziwa. Wewe hapo nakuona ni umbo. Nakujua kwa sauti."

"Kwa hiyo ukisema kona hiyo inakuja..."

"Nazijua kwa mwili. Nahesabu kwa mwili. Nilikuwa nakutajia ili nijue kama bado nazijua."

Msimu mzima nilidhani ananisimamia.

Halafu mvua ikaanza. Si kubwa, matone mazito yale ya kutangaza. Tukashuka, tukatandaza turubai juu ya magunia. Mimi nikapanda juu, yeye akabaki chini akivuta kamba kwa kupapasa, akafunga mafundo mazuri kuliko yangu. Nikafungua boneti kuangalia, maana kusimama tu nisingeweza.

Niligusa huku na kule kwa haraka, kama mama anavyogusa mtoto mwenye homa. Bomba linalotoa oili kwenye giaboksi, moto, nilirudisha vidole. Bomba linaloirudisha, moto vilevile. Nikaenda mbele, kwenye ile rejeta ndogo ambayo kazi yake ni kupoza oili ya giaboksi tu. Nikaweka kiganja polepole, nimejiandaa kuungua.

Baridi. Baridi kama mtungi.

Nilidhani mkono wangu umekufa ganzi. "Baba, njoo uguse hapa." Nikamshika mkono, nikampeleka. Akauweka, akaibonyeza, akainua uso kwenye mvua.

"Baridi," akasema. "Na huko nyuma?"

"Kunaunguza."

"Sasa hiyo oili inapozwa wapi, kama haifiki huku?"

Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunauliza swali moja.

Tulisubiri mpaka ikapoa. Kisha akazunguka mwenyewe, akipapasa ubavu wa gari, akaingia upande wa abiria. Kabla sijawasha akasema, "Usimwambie Mama."

Magunia ya juu yamelowa kidogo. Mengine yamepona.

Jumapili, tarehe 22

Sikumwambia Mama. Nilikuwa nachambua vitunguu vilivyolowa barazani, akaja akakaa karibu, akachukua kisu.

"Jana aliendesha mpaka wapi?"

"Mpaka penye miamba, Mama."

Akakata mizizi, akatupa. "Mwaka wa pili huu natembea mbele yake naondoa vigoda njiani. Chakula namwekea upande uleule wa sahani. Anadhani sijui, namwacha adhani hivyo. Mtu na mumewe wana heshima zao." Kisha akaniangalia. "Lakini ufunguo alipouchukua jana, nilikaa kwenye kitanda mpaka niliposikia gari linarudi. Nikasema wewe upo. Wewe utaona."

Nilitaka kukasirika. Angeweza kuniambia. Halafu nikakumbuka chai ya kwenye chupa, nikaelewa kwamba alikuwa ananiambia kwa njia yake, na kwamba naye aliogopa. Tulimaliza vitunguu vyote. Tulilia wote wawili, na vitunguu vikabeba lawama.

Jumanne, tarehe 24

Nilimweleza Bado habari ya rejeta ndogo kuwa baridi. Akaacha spana hewani.

"Rudia."

Nikarudia: la kwenda moto, la kurudi moto, rejeta ndogo baridi. Akaketi chini kabisa. "Mimi nilikuwa natafuta penye moto," akasema. "Sikutafuta penye baridi."

Akanieleza akiwa anafungua. Kwenye njia ya hayo mabomba kuna valvu ndogo. Asubuhi oili ikiwa baridi, valvu inafunga njia ya kwenda mbele, oili inazungushwa hapohapo irudi kwenye giaboksi ipate joto upesi. Ikishapata joto, valvu inafungua, oili inakwenda kwenye rejeta ndogo kupoa. Yetu imekwama ikiwa imefunga. Oili ilikuwa inatoka moto na kurudi moto, haijawahi kuonja upepo. Ile oili mpya ilitusaidia siku chache kwa sababu ilikuwa nzima na wiki ile kulikuwa na baridi ya mawingu.

Aliitoa akaniwekea kiganjani. Haizidi kidole gumba. Spring yake imeshikana na uchafu wa oili iliyoungua. Baba akaiomba, akaizungusha vidoleni muda mrefu.

"Kitu hiki," akasema.

"Hicho, mzee wangu," akasema Bado.

Alhamisi, tarehe 26

Valvu mpya, mabomba yamesafishwa, oili imebadilishwa tena. Nilipandisha mzigo kamili. Penye miamba nilikuwa sipumui. Mshale ulipanda kidogo, ukafika katikati, ukakaa kama mgeni aliyepata kiti. Hapo juu nilisimama nikafungua boneti, nikagusa rejeta ndogo. Ilikuwa ya moto. Sijawahi kufurahia kuungua hivyo.

Ghalani Baba alishuka, akamsikiliza mpima mizani mpaka akajua amesimama wapi, akamwendea. Wapagazi walikuwepo, madereva walikuwepo.

"Siku ile nilisema ni mguu wake," akasema. "Haukuwa mguu. Ilikuwa valvu, na aliyeigundua ni yeye. Mwenye kucheka siku ile, leo anyamaze."

Mpima mizani akaniletea kiti. Nilikikataa, nikaenda tena nyuma ya ghala. Safari hii nilihitaji maji kweli.

Jumatatu, tarehe 30

Nimemwambia Baba kuhusu hospitali ya macho. Tulikuwa watatu barazani. Alisema yeye ni mzee, macho yamechoka kama mwenyewe alivyochoka.

"Tungesema hivyo kwa gari, lingekuwa chuma chakavu sasa hivi," nikasema. "Baba, hatujui ni nini. Labda ni kitu kidogo."

"Unataka kunipeleka gereji."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa Bado?"

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomshinda Baba, maana alisema, "Basi vitunguu vikiisha." Mama akaacha kucheka. "Kesho kutwa," akasema. Ikawa kesho kutwa.

Jumatano, tarehe 2 Oktoba

Mtoto wa jicho, macho yote. Daktari, mwanamke mwenye sauti ndogo, anasema wataanza na jicho la kulia, na linaweza kurudi kuona vizuri sana. Baba amemuuliza kama atatumia spana. Mama aliushika mkono wake mbele za watu, naye hakuutoa.

Jumanne, tarehe 8

Baba amefanyiwa upasuaji. Amefungwa bandeji. Amenuna vizuri, dalili njema.

Mume wangu nimempigia, nikamwambia yote. "Nilimwachia gari na wewe ndani," akasema. Nikamwambia hatukujua, yeye wala mimi. Anakuja mwisho wa mwezi.

Jumatano, tarehe 9

Bandeji imetolewa. Alimwangalia Mama kwanza. Akaangalia kwa muda mrefu mpaka mimi na nesi tukalazimika kutazama dirisha.

"Umezeeka," akamwambia.

"Na wewe hujajiona," akasema Mama.

Kisha akanigeukia mimi. Akanikagua toka juu hadi chini, akatikisa kichwa. "Nilidhani wewe ni mnene kidogo," akasema.

Jumamosi, tarehe 19

Mzigo wa mwisho. Mvua imeshaingia bondeni, barabara ya mlima bado kavu.

Asubuhi nilimpa ufunguo. Nilikuwa nimejiandaa. Usukani ni wake, jicho limerudi, daktari ameshasema mchana na polepole anaweza. Niliamka nimeshajifundisha namna ya kuutoa bila uso kubadilika.

Akaupokea, akaingia, akarekebisha kioo cha kati. Akaangalia dashibodi, mshale kwa mshale. Akaangalia mikono yake juu ya usukani. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa abiria.

Akashuka. Akazunguka mbele ya gari akaja upande niliosimama, akaniwekea ufunguo kiganjani, akaingia kwenye kiti cha abiria, akafunga mkanda.

"Miye leo nataka kuangalia," akasema.

Tukaondoka. Hakunitajia kona hata moja. Alianza na bango la duka la mbolea, akalisoma kwa sauti, hata namba za simu. Akasoma maandishi nyuma ya lori lililokuwa mbele yetu. Akasoma ubao wa shule, ubao wa kinyozi, tangazo la mbuzi aliyepotea. Penye miamba kuna mtu aliandika jina la mpenzi wake kwa rangi nyeupe, nami nimepita pale msimu mzima sikuwahi kuliona. Baba aliligeukia, akalisoma taratibu, herufi moja moja, kama barua iliyoandikiwa yeye.

Nyuma yetu gari likapiga honi. Nikawasha taa ya kushoto, nikasogea pembeni, nikalipisha. Kulikuwa na vibao vingi mpaka juu. Nikalegeza mguu ili asome vyote.